Wenye Ruhusa ya Kucheka

Nadège, siku ya kuniaga ulinipa daftari hili ukasema niandike "kila kitu cha kazi." Kila kitu kingekuchosha wewe na kingenichosha mimi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza lilitokea mara moja tu, na la pili tulinyamazie. Nitaandika jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, na sehemu kubwa itahusu filamu moja ya Kiingereza, ile uliyoiingiza kwenye kompyuta, na Papa Kazadi, ambaye wewe ulimwona mara mbili tu, akiwa mzee tayari. Wewe na Patient, mliobaki kituoni, mtasoma mkingoja umeme urudi. Nafasi hamtakosa.

Niliingia kituoni nikiwa na miaka kumi na tisa, binti wa fundi wa reli aliyetokea Kamina. Kituo kilikuwa ghala la filamu: vyumba viwili nyuma ya parokia, rafu za mbao mpaka darini, na makopo ya bati yenye filamu za milimita kumi na sita. Tuliziazimisha kwa maparokia, shule, na kambi za wafanyakazi wa migodi na wa reli. Filamu ilitoka Ijumaa, ikaonyeshwa Jumapili mchana, ikarudi Jumanne ina vumbi, mikwaruzo, na mara nyingi imekatika. Kazi yangu ilikuwa kuikagua na kuiunganisha kabla haijatoka tena. Unapitisha ukanda kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, polepole, na vile vitundu vya pembeni vikiwa vimechanika unavihisi kabla ya kuviona. Miezi sita ya kwanza nilikuwa nimezigusa filamu arobaini bila kuona hata moja kwenye kitambaa cheupe.

Papa Kazadi ndiye aliyekuwa mwonyeshaji. Alikuwa na miaka thelathini na sita hivi, baba yake mtu wa Kasai, yeye mwenyewe mzaliwa wa hapa. Alivaa koti la kijivu la fundi, alibeba termosi ya chai ambayo hakumgawia mtu, na onyesho la saa tisa alilianza saa tisa. Paroko akiwa bado anakunywa supu yake, shauri yake. Na zaidi ya kuendesha mashini alikuwa msimulizi, kwa sababu filamu zilisema Kifaransa na watu wengi kambini, hasa akina mama, Kifaransa hawakukifuata. Papa Kazadi alisimama kando ya mashini na mikrofoni, akakohoa mara tatu, akasema: "Kimya! Mashini inasema." Halafu mashini haikusema tena, alisema yeye.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimekula andazi njiani. Aliinua ukanda nilioushika, akautazama kwenye taa.

"Ulikula nini?"

"Beignet, Papa."

"Filamu nayo imekula. Panguza yote."

Nilipanguza bobine nzima, lile gurudumu lote la ukanda, kwa kitambaa na spiriti, karibu mita mia nne, mpaka saa sita. Mchana akanionyesha namna ya kuunganisha ukanda uliokatika kwa kile kijimashine tulichokiita kolezi: unakwangua, unapaka gundi, unabana, unahesabu mpaka kumi na tano. Yeye mwenyewe, huku akiongea, akaunganisha kipande chini juu. Tulipokipitisha kwenye mashini, watu wote wa kwenye picha walitembea ukutani kwa vichwa. Nikatazama ukuta.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, Papa."

"Sasa juu ya nini unanyamaza?"

"Juu weye uko mukubwa."

Akazima mashini. "Njo mubaya ya kazi hii, bantu banaogopa mukubwa na filamu inaharibika. Sikia. Hauko mutoto wangu hapa. Mutoto hawezi kumucheka baba yake. Weye uko mujukulu wangu. Mujukulu anacheka, ni haki yake. Nikikosa, unicheke, saa ile ile."

Nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na saba tu, na kuitwa mjukuu kuliniudhi kidogo. Lakini nilicheka, maana wale watu wa vichwa chini walikuwa wanachekesha kweli. Toka siku hiyo jina langu likawa hilo. Jina langu la kweli, Ngoie, waliliita wengine.

Niwaeleze wasioyajua mambo ya kwetu. Huku Katanga, na Kasai vilevile, mjukuu na babu ni watani. Babu akifa, watoto wake wanalia. Wajukuu wanafanya vichekesho: wanavaa nguo zake, wanaiga mwendo wake, wanamsema ubahili wake mbele ya watu wote, na siku ya kwenda makaburini wanafunga mlango, mikono wameitanua, jeneza halitoki mpaka wapewe kinywaji. Hiyo ni kazi yao. Matanga yasiyo na wajukuu ni matanga yaliyopungukiwa, na watu wanarudi nyumbani na uzito ule ule waliokuja nao.

Sasa hiyo filamu. Ilifika kutoka upande wa Zambia. Klabu moja ya wachimba migodi ilikuwa inafunga sinema yake, na dereva wa lori, muumini wa parokia yetu, akapewa makopo matatu bure, akayaficha chini ya magunia ya vitunguu kwa sababu aliogopa yatapigwa na jua. Pale mpakani Kasumbalesa, baada ya siku mbili za foleni, afisa mmoja alilifungua kopo la kwanza, akavuta ukanda kama urefu wa mkono, akautazama juani. Akaona wanaume waliovaa kofia mbele ya kanisa. Akaamua ni filamu ya dini, akaruhusu ipite. Alama ya kidole chake haikutoka kwa spiriti wala kwa kitu kingine. Nadège, ipo mpaka leo kwenye kompyuta yako, mwanzo mwanzo, angani juu ya kanisa. Ulifikiri ni wingu. Ni kidole gumba.

Kwenye kopo jina lilikuwa limefutika, na mwanzo wa bobine ulikuwa umeshakatika, kwa hiyo tuliiita Filamu ya Kofia. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ya zile walizotengeneza Waingereza baada ya vita kuu ya pili, wakati sukari kwao ilikuwa ya mgao. Fundi wa saa, mnene, mwenye hasira, anakwenda kuvua samaki. Upepo unachukua kofia yake, inaonekana ikielea mtoni. Mji mdogo wote unaamua amekufa. Watu waliomchukia wanaanza kumsifu. Wanakusanya sukari ya mgao, kila nyumba kijiko, wapike keki ya msiba. Yeye anarudi katikati ya ibada, anapanda kwa siri kwenye roshani ya kanisa, anasikia anavyosifiwa, anashindwa kutoka. Wanamuziki wawili wa bendi ya tarumbeta wanamwona kule juu na wanaanza kucheka, wanajizuia, wanacheka tena. Polisi naye anamwona. Anakimbilia mlangoni, anatanua mikono, hamruhusu mtu kutoka wala kugeuka. Mwishowe mheshimiwa meya anapanda roshani na kumwomba yule fundi abaki amekufa mpaka keki iliwe.

Wote wanafanya haya bila tabasamu. Nadhani ndiyo maana Waingereza waliona inachekesha.

Kiingereza hatukukijua. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kukaa nasi mchana mmoja, akatutafsiria nusu. Nusu ya pili alisema ni mambo yao. Papa Kazadi akaitazama mara kumi na moja ukutani, akiandika kwenye karatasi. Abbé, padri aliyekuwa mkurugenzi wa kituo, hakuipenda. Alisema tuijaribu Jumapili moja, na watu wasipoipenda makopo yataondoka, kwa sababu anahitaji ile rafu kwa picha za katekisimu.

Tuliijaribu kwenye salle, ule ukumbi wa kambi ya reli. Blanketi kwenye madirisha, mabenchi yamejaa, wamama mbele, Abbé nyuma amefunga mikono. Kofia ikaelea mtoni, na salle yote ikasema "Yoo!" Papa alisimulia vizuri, sawasawa na karatasi yake. Alipofika kwenye ibada akasema: "Sasa banamulilia." Na watu wakamsikiliza. Kimya kikaingia mle ndani, kimya cha kweli, mpaka nikasikia meno ya mashini yakikamata ukanda. Mama mmoja wa mbele akaanza kulia kwa sauti ndogo. Mwingine akaanzisha wimbo wa matanga. Wale wa bendi wakaanza kucheka kwenye picha, na mwanamume akasimama akapaza sauti:

"Banamucheka maiti! Ni bantu ya namna gani bale?"

Wengine wakasimama. Mzee mmoja akamwambia mkewe achukue watoto waende. Papa alikuwa ameshika mikrofoni na hakuna kitu kilichotoka. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola ya koti. Mimi nilikuwa nimeweka kidole kwenye kitanzi cha chini, kile kilegezo cha ukanda ambacho kikipotea picha inaanza kuruka. Nikamtazama mkubwa wangu alivyotoa macho, na nikacheka. Sikuicheka filamu, nilimcheka yeye. Kilikuwa kicheko cha woga, na kilitoka kwa nguvu.

Aligeuka. Nilifikiri atanipiga. Alinitazama, akatazama kitambaa, wale wawili wa tarumbeta wanavyojiziba midomo, halafu akanitazama tena. Akakohoa mara tatu.

"Bantu ba Mungu, mukae! Juu ya nini munakasirika? Bale habamucheki bure. Bale njo bajukulu!"

Watu wakageuka.

"Haki ya Mungu! Ule murefu ni wa mutoto wake mwanamuke. Ule mufupi ni ndugu yake. Banamusema babu yao: 'Mubaya weye, ulitunyima saa, leo saa yako imesimama!'"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa yule mama aliyekuwa akilia. Kisha polisi akakimbilia mlangoni, akatanua mikono, na Papa hakuhitaji hata kumaliza. "Na uyu," akasema, "uyu njo mujukulu mukubwa! Anafunga mulango! Anaomba bière!" Salle ikalipuka. Watu walipiga mabenchi. Yule mzee aliyetaka kuondoka alikaa chini akaomba nafasi mbele. Ilipofika keki ya sukari ya kijiko kijiko wamama walipiga vigelegele, kwa sababu kukusanya vitu vya matanga wakati dukani hakuna kitu ni jambo walilolijua bila kufundishwa. Makopo yalibaki kwenye rafu. Abbé alipeleka picha zake za katekisimu kwenye chumba cha kufulia.

Tulirudi kwa pikapu, mashini katikati yetu imefungwa blanketi. Papa hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliendesha mpaka tukavuka reli, ndipo akaniambia habari za baba yake. Alikuwa mfanyakazi wa reli, akafia kwenye kituo kidogo njiani, mbali na watu wake, Kazadi mwenyewe akiwa na miaka kumi. Wageni wakamzika siku hiyo hiyo. Mjukuu hakuwepo, wala mtani mwingine. Mtu hakusema neno.

"Banamuzika kama muzigo," akasema. "Leo salle ilipofanya kimya, nilisikia ile ile kimya. Mujukulu, mi siogope kufa. Naogopa kimya ile."

Nilimwambia aangalie barabara.

Filamu ya Kofia ilizunguka miaka mingi, na kila safari msimulizi akiwa Papa iliongezeka kitu. Meya akawa mkuu wa kambi. Fundi wa saa akapata jina la Kikasai, kisha, tulipokwenda kambi iliyojaa Wakasai, la Kikatanga, ili anayechekwa awe wa upande wa pili. Ukanda wenyewe ulikuwa unapungua. Kila ukikatika unapoteza picha mbili tatu kwenye kolezi, ukichanika vibaya hata sekunde nzima, na kwa hesabu yangu ya kubahatisha tulipoteza karibu dakika nne jumla, nyingi za wimbo wa kanisani. Shauri la kazi, Patient, kwa sababu wewe una haraka: ukilazimika kupoteza picha, zipoteze pale ambapo watu wanaimba. Usizipoteze mtu anapogeuza uso. Wimbo watu wataumalizia wenyewe.

Mara moja nilishika mikrofoni. Papa alikuwa amekaukiwa sauti kwa mafua, na onyesho lilikuwa saa tisa, na saa tisa kwake ilikuwa saa tisa. Nilisimama, nikasema yote kwa usahihi. Nilisema: "Sasa anaingia. Sasa anavua koti. Sasa anakaa." Mzee mmoja katikati ya salle akapaza sauti: "Mama, tunaona!" Walicheka sana, lakini si kwa sababu ya filamu. Nikampa mwalimu wa pale mikrofoni, nikarudi kwenye kitanzi changu, na kwa miaka yote iliyofuata mtu akinipa kitu chenye waya wa sauti nilikuwa nasema nina kifua.

Nilifanya kazi na Papa miaka ishirini na miwili. Mwisho wake kaseti za video zilikwisha kufika, kila bar ina televisheni, na salle ya kambi ya reli ikawa kanisa la watu wengine. Tulipanguza mashini, tukaifunika shuka. Yeye akastaafu, mimi nikabaki na kaseti, halafu diski, halafu ninyi. Nilikuwa nikimtembelea mtaani kwake, Hewa Bora, Jumapili baada ya misa. Mkewe alikwisha kufariki. Mtoto aliyebaki alikuwa Albert, anayefanya kazi Johannesburg, mwenye binti mmoja, Grace, aliyezaliwa kulekule. Papa alimjua mjukuu wake kwa simu. Kila Jumamosi alikohoa mara tatu kwenye simu kabla ya kusema habari, kwa mazoea tu.

Termosi ilikuwa mezani. Bado hakunigawia.

"Mujukulu," alikuwa ananiuliza, "ungali unajua kufunga mulango?"

"Papa, hauko unakufa."

"Siulize habari ya kufa. Nauliza habari ya mulango."

Nikabadilisha mazungumzo. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, mama wa watoto wanne, goti linauma. Nilijua anachoniomba na niliogopa. Mimi na Papa hatuna damu moja, na yale ya "mujukulu" yalikuwa ya kazini. Ndivyo nilivyojiambia.

Nadège, kazi uliyofanya kwenye Filamu ya Kofia ilikuwa nzuri, na ninakuandikia hapa kwa sababu siku ile sikusema vizuri. Makopo yalikuwa yameanza kunuka siki, na filamu ikianza kunuka siki imeanza kufa. Ulipiga kila picha, moja moja. Ukapata mtu wa kuandika maneno ya Kifaransa chini. Tulipoionyesha kwenye hoteli ya Karavia, katika ile bustani yenye viti vyeupe, picha ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiona. Nilihesabu vifungo vya koti la polisi. Watu walisoma, wakatabasamu, wakapiga makofi kwa adabu mwishoni. Wachache walitazama simu. Papa Kazadi alikuwa mbele, fimbo kati ya magoti. Ibada ilipofika nilimwona akigeuza kichwa, anatazama viti, anasikiliza.

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. "Banaandika maneno yote," akasema. "Ruhusa banaisahau."

Nilistaafu miezi minne baadaye. Papa alifariki wakati wa kiangazi, Jumanne, usingizini. Alikuwa na miaka themanini na moja.

Albert alifika na Grace, mwenye miaka kumi na sita, mrefu, mkimya, amevaa nguo nyeusi mpya. Albert ni mtu mwema. Sitaki mtu asome hapa akamdhania vibaya. Alitaka baba yake azikwe kwa heshima, na heshima aliyoizoea ni ya karatasi: ratiba iliyochapwa, kwaya saa fulani, hotuba ya dakika tano, corbillard, lile gari la maiti, saa nne kamili. Turubai ilikuwa safi, viti vimepangwa mistari. Watu wa Hewa Bora walikuja, na wazee wa kambi ya reli waliobaki, wale wa miguu ya kuvimba. Kwaya yetu iliimba. Kila ilipomaliza wimbo, kimya kiliingia uani, na nilikitambua. Nilikuwa nimekisikia mara moja, kidole changu kikiwa kwenye kitanzi.

Nilitazama kama kuna mtu mwingine. Hapakuwa na mtu. Grace alikuwa amekaa kando ya baba yake, mikono mapajani.

Saa nne kasoro dakika chache vijana wakainua jeneza. Nilitoka kwenye mstari wa kwaya, nikaingia ndani. Koti la kijivu lilikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni. Nikalivaa juu ya sare ya kwaya. Nikachukua termosi. Goti likiniuma nilizunguka kwa mlango wa nyuma, nikafika kwenye geti kabla yao, nikalifunga, nikasimama mbele yake na kutanua mikono.

Wabebaji wakasimama. Uani watu wote walinitazama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Huyu ni Papa Kazadi. Alikuwa mwonyeshaji wa filamu. Alifanya kazi miaka mingi."

Kutoka kwenye viti vya nyuma, sauti ya mama mzee wa kambi: "Mama, tunajua!"

Ilikuwa ile ile. Miaka yote hiyo sikuwa nimejifunza kitu. Na hapo nikacheka, kama nilivyocheka siku ile, kwa woga, kwa nguvu, na nikiwa ninacheka nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema:

"Hatoke! Uyu muzee mubaya hatoke! Miaka makumi mbili na mbili alikunywa chai mbele ya macho yangu, hata kifuniko moja hakunipatia! Leo anataka kutoka vile, anavaa costume na kravati? Chai yangu iko wapi?"

Nikaitikisa termosi. Mama wa nyuma akapiga kelele ya kicheko, peke yake.

"Mama Ngoie," Albert akasema taratibu, "tafazali. Corbillard inangoja."

"Ingoje! Mi niko mujukulu!"

"Mujukulu wa miaka ngapi?" mzee mmoja akauliza kutoka chini ya turubai.

"Mujukulu hana miaka! Uliza maiti, yeye njo alinipatia kazi!"

Sasa walikuwa wanacheka wengi, wale wa kambi kwanza. Mmoja akapaza sauti: "Apewe bière!" Mwingine akasema: "Ni polisi! Tazama, ni ule polisi wa filamu!" Vijana wakaliweka jeneza chini juu ya stuli, kwa sababu kucheka umebeba jeneza si salama. Albert alikuwa ameshika ratiba yake. Sikujua kama amekasirika.

Grace akasimama. Akamuuliza baba yake, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno: "Papa, na mi? Mi pia niko mujukulu?"

Nilijibu mimi.

"Weye njo mwenyewe. Mi nilikukamatia nafasi tu. Kuya."

Akaja mbele ya watu wote, na viatu vyake vipya. Nikamwonyesha pa kusimama, nikamwinua mikono. Akanong'ona kwamba hajui la kusema, babu yake hakuwahi kuishi naye, anamjua kwa simu tu. Nikamwambia aseme anachokijua. Akafikiri. Watu wakangoja.

Akakohoa mara tatu.

Kilikuwa kikohozi cha babu yake kabisa, kile cha pili kikavu, cha tatu kirefu. Ua mzima ulianguka kwa kicheko. Watu waliinama kwenye viti, mama wa kambi alijipiga mapaja, Albert akaweka ratiba usoni na mabega yake yakawa yanaruka, analia na kucheka, na hakuna aliyeweza kutenganisha. "Kimya!" nikasema, "mashini inasema!" Lakini hakuna aliyenyamaza.

Hatukufungua geti mpaka bière ikatafutwa, na chai ikapikwa, ikatiwa kwenye termosi ile, na mimi nikanywa kifuniko cha kwanza. Corbillard iliondoka saa sita. Papa Kazadi, ambaye hakuwahi kuchelewesha onyesho hata dakika moja, alichelewa saa mbili nzima, na watu walikuwa bado wanacheka alipopita getini.